Sifa za Siku ya Akiba

Aprili 1950, Wafaransa walioongozwa na Maurice Herzog waliingia bonde la Kali Gandaki, katikati ya Nepal, wakiwa na kamba, mahema, vyakula vya makopo na ramani isiyosema kweli. Walikuwa na ruhusa ya kupanda mlima mmoja kati ya miwili, Dhaulagiri au Annapurna. Dhaulagiri waliiona, ikawatisha. Annapurna waliitafuta wasiione njia yake. Wiki kadhaa zilikwisha wakipanda na kushuka mabonde kuusaka mlima wa mita 8,091, na walipopata pa kuufikia, mvua za monsuni zilikuwa zimekaribia. Tarehe 3 Juni Herzog na Louis Lachenal walifika kileleni, watu wa kwanza kukanyaga kilele kinachozidi mita 8,000. Wote wawili walipoteza vidole vya miguu kwa baridi, na Herzog akapoteza na vya mikono.

Sifa ziliwaendea wapandaji, na walizistahili. Lakini kusini mwa mlima huohuo, kwenye vilima ambavyo mtu mwenye magoti mazima anaweza kuvitembea kwa siku nne au tano, kuna ufundi mwingine usiopigiwa picha na bendera: kupanga safari ndogo ya miguu ikapangika. Kazi ya mpangaji hodari haionekani. Msafiri akirudi akisema kwamba mambo yalijiendea yenyewe, huyo amemsifu mpangaji bila kujua.

Njia inayoupima vizuri ufundi huu ni mzunguko wa Ghorepani na Poon Hill. Huanzia Nayapul, mita 1,070 juu ya usawa wa bahari, safari fupi ya gari kutoka mji wa Pokhara. Hupita Tikhedhunga, Ulleri na Ghorepani, hupanda Poon Hill yenye mita 3,210, kisha huteremka kupitia Tadapani na Ghandruk. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaweza kuipima hivi: Poon Hill iko juu kuliko vibanda vya Mandara na chini kuliko vya Horombo. Hakuna mahali panapodai kamba. Ndiyo maana wengi huidharau wanapoipanga, wakaja kuiheshimu wakiwa katikati ya ngazi.

Tofauti kubwa na Marangu iko jikoni. Kilimanjaro, mgeni hulala kibandani, lakini mpishi, sufuria na viazi hupanda pamoja naye, vingi vikiwa mabegani mwa wagumu, yaani wapagazi. Kwenye vilima vya Annapurna jiko linamsubiri mgeni hukohuko juu, na mwenye jiko ndiye mwenye nyumba. Nyumba hizi bado huitwa nyumba za chai, ingawa nyingi siku hizi zina ghorofa, vyumba vya vitanda viwili viwili na ukumbi wenye jiko la chuma ambapo wageni hukaushia soksi zao.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko utalii. Kwa vizazi vingi Wathakali wa bonde la juu la Kali Gandaki walishika biashara ya chumvi iliyoshuka kutoka Tibet na nafaka iliyopanda kutoka mabonde ya chini. Kando ya njia waliweka nyumba ambamo mchuuzi na nyumbu zake walipata chakula, moto na pa kujilaza, na aliyenunua chakula hakutozwa kitanda. Biashara hiyo ilififia baada ya mwaka 1959, mambo ya Tibet yalipobadilika, lakini ujuzi wa kupokea wageni haukufa. Mwaka 1964 Jimmy Roberts, afisa mstaafu wa jeshi la Uingereza, alianzisha kampuni ya kwanza ya kutembeza watalii katika milima ya Nepal, kwa mtindo wa mahema na msururu wa wapagazi. Nyumba za chai zilibaki kuwa njia ya msafiri mwenye mfuko mwepesi, hadi zikawa njia ya karibu kila mtu.

Alama ya mchuuzi wa chumvi bado ipo katika hesabu ya leo. Chumba ni cha bei ndogo, na faida ya mwenye nyumba iko kwenye sahani. Kwa hiyo mgeni hutarajiwa kula anapolala, na mpangaji anayejua kazi yake hukadiria gharama kwa kuhesabu milo. Tena hujua kwamba bei ya sahani hupanda pamoja na njia, kwa sababu mchele, mtungi wa gesi na kreti ya mayai vimepanda kwa migongo ya nyumbu au ya watu. Orodha za bei hupangwa na kamati za wenye nyumba za eneo zima, kwa hiyo kubishana juu ya bei ya supu huko Ghorepani ni kupoteza pumzi, na pumzi huko ni mali.

Pumzi ndiyo inayotawala ratiba. Mgeni katika kazi hii hugawa kilomita, ilhali anayeijua hugawa mwinuko. Kilomita za mzunguko huu ni chache. Zilizo nyingi ni ngazi. Kati ya Tikhedhunga, mita 1,540, na kijiji cha Ulleri kuna vidato vya mawe zaidi ya 3,000, vilivyolainishwa na viatu vya watu na kwato za nyumbu. Ramani huionyesha sehemu hiyo kuwa kipande kifupi cha mstari. Magoti huisimulia jioni nzima.

Madaktari wa milimani wanashauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, kila usiku asilale juu zaidi ya mita 500 kupita usiku uliotangulia, na wanaonya kwamba maumivu ya kichwa yanayoletwa na kimo yanaweza kuanza hata kwenye mita 2,500. Juu ya Poon Hill, pumzi moja hubeba takriban theluthi mbili ya oksijeni ambayo ingebeba Tanga au Mombasa. Si jambo la kuogofya, ila halina mjadala, na halimjali kijana mwenye misuli.

Hapo ndipo barabara mpya ilipoleta mtihani. Siku hizi gari hupanda hadi Ulleri. Msafiri anaweza kutoka Pokhara asubuhi, mita 820 hivi, na jioni akalala Ghorepani, mita 2,860. Kwenye karatasi, siku moja imeokolewa. Usiku kichwa kinagonga, usingizi hauji, na alfajiri ambayo ndiyo sababu ya safari nzima inamkuta amejifunika blanketi. Mpangaji mwenye subira hulikataa gari, au hulikubali kisha akawalaza watu wake Ulleri, au Banthanti iliyo mbele kidogo, ili Ghorepani iwe ya usiku wa pili. Hakuna atakayemshukuru kwa kichwa kisichouma.

Fundi cherehani anayeshona sare ya mtoto wa shule huficha kitambaa cha ziada ndani ya pindo, kwa kuwa anajua mguu utarefuka. Mpangaji naye huficha siku. Mahali pa kwanza pa kuificha ni Ghorepani. Wageni huamka saa kumi na nusu alfajiri, wakafuata njia ya kupanda kwa karibu saa nzima, tochi kichwani, ili waone jua likigusa Dhaulagiri, Annapurna ya Kusini na Machapuchare. Asubuhi mara nyingi huwa safi, na mawingu hukusanyika kadiri mchana unavyosogea. Lakini ziko alfajiri ambazo ukungu huziba kila kitu, na mtu akaishia kuwatazama wenzake wakitetemeka. Asiye na siku ya akiba hushuka akiwa amelipa nauli ya kuona wingu. Mwenye nayo hurudi kunywa chai na kujaribu tena kesho.

Msimu nao huchaguliwa kwa jicho hilohilo. Oktoba na Novemba, mvua zikishaosha vumbi, milima huonekana kwa ukali kabisa. Machi na Aprili huwa na utusitusi zaidi, lakini misitu ya rododendroni, ambayo ua lake, laliguras, ni ua la taifa la Nepal, huwaka nyekundu juu ya Ghorepani hadi Tadapani. Kuanzia Juni hadi Septemba ni zamu ya mvua na ruba. Hata mwezi unaosifiwa hautoi dhamana: Oktoba 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud yalimwaga theluji nzito kwenye pito la Thorong La, mita 5,416, upande wa kaskazini wa milima hiyohiyo, na watu zaidi ya 40 wakafariki. Poon Hill iko chini sana kuliko hapo, lakini mbingu ni moja. Ratiba isiyo na nafasi humsukuma mtu atembee siku ambayo wenyeji wamefunga milango.

Mzigo ni somo fupi, kwa kuwa nyumba ya chai imeshauchukua uzito wake: hakuna hema, hakuna jiko, hakuna unga. Kinachobaki ni mavazi ya tabaka, koti la mvua, mfuko wa kulalia, tochi, vidonge vya klorini vya kutibu maji, na viatu vilivyokwisha kuzoeana na miguu kabla ya kupanda ndege. Joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila mita 1,000, kwa hiyo aliyeacha Pokhara akitokwa jasho atahitaji kofia ya sufu juu ya Poon Hill. Pesa ni taslimu, rupia za Nepal zilizotolewa mjini, kwa noti ndogo kadiri inavyowezekana.

Mgongo wa mtu mwingine unahitaji hesabu makini zaidi. Wanaotetea haki za wapagazi wanataka mzigo usizidi kilo 30 nchini Nepal. Kwa Kilimanjaro kiwango chao ni kilo 20. Mpangaji muungwana hujiwekea mpaka wa chini zaidi: wasafiri wawili, kilo kumi kila mmoja, mpagazi mmoja. Kabla ya kuondoka huuliza kama ana bima, viatu na koti, na usiku atalala wapi. Maswali hayo hayaonekani kwenye ratiba iliyochapwa, ila ndiyo yanayotofautisha safari iliyopangwa na safari iliyonunuliwa.

Kisha kuna karatasi. Eneo hili ni sehemu ya hifadhi ya Annapurna, iliyoanzishwa mwaka 1986 na kukua hadi kilomita za mraba 7,629, kubwa kuliko yoyote nchini humo. Kibali cha kuingia kimekuwa rupia 3,000 kwa mgeni anayetoka nje ya Asia Kusini. Tangu Aprili 2023 bodi ya utalii ya Nepal inataka mgeni atembee na mwongozaji mwenye leseni. Wako wanaoliona sharti hilo kuwa usumbufu. Kwa mpangaji ni nafasi ya kupata mtu anayejua nyumba ipi imefungwa, daraja lipi limeondoka na mvua, na nani ana chumba Tadapani wakati wote wanasema hawana.

Hifadhi hiyo haikuwafungia wanavijiji nje. Iliwaacha walime na walishe, ikawataka wasaidie kuulinda msitu. Karibu na Ghorepani, miaka ya 1980, msitu ulikuwa umeanza kukonda kwa sababu kila mgeni alitaka maji moto na kila mlo ulipikwa kwa kuni. Ndipo zikahimizwa mafuta ya taa, gesi, nguvu ya jua, na majiko yanayochemsha maji ya kuoga kwa moto uleule unaopika. Msafiri ana mchango wake, nao ni mdogo mno kuwa wa kujivunia: meza nzima iagize chakula cha aina moja, mapema, kabla ya kuvua viatu. Wali, dengu na mboga, yaani dal bhat, hupikwa chungu kimoja kwa wote na huongezwa hadi mtu aseme basi. Piza sita za aina sita hula gesi ya saa nzima, na anayeziagiza atakula wa mwisho.

Asiyependa msongamano wa Ghorepani ana njia ya jirani. Kwenye mgongo wa Mohare Danda, kimo kinachokaribia cha Poon Hill, nyumba za wageni ni mali ya vijiji vyenyewe. Mmoja wa walioisukuma njia hiyo ni Mahabir Pun, mwalimu wa kijiji cha Nangi aliyepata tuzo ya Magsaysay mwaka 2007 kwa kuunganisha vijiji vya milimani na intaneti isiyotumia waya. Huko vitanda ni vichache, hivyo simu ya kuulizia nafasi hutangulia miguu.

Baada ya Ghandruk, kijiji cha Wagurung chenye nyumba za mawe na paa za vigae vya mawe, kazi huonekana imekwisha. Hapo ndipo ratiba nyingi hupasuka, kwa sababu mtu aliyejihadhari na milima siku zote huisahau barabara. Kati ya Pokhara na Kathmandu kuna takriban kilomita 200 za lami inayopinda kando ya mito, na mwishoni mwa Septemba 2024 mvua kubwa zilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini na kukata njia za kuingia mji mkuu. Pindo la pili basi huwekwa hapo, siku moja kamili kati ya kurudi Kathmandu na ndege ya nyumbani. Isipotumiwa na barabara, hutumiwa na watu: asubuhi kuzunguka stupa ya Boudhanath pamoja na mahujaji, mchana kwenye mahekalu ya Patan, jioni kufunga mizigo taratibu, viatu vikiwa vimekwisha kusuguliwa matope.