Ngoma Ugenini: Uhakiki wa Sanaa ya Warundi wa Mtabila

Iko desturi katika sharika zetu ya kumtaja mkimbizi kwa orodha ya mahitaji yake: turubai, unga, maharage, dawa na kuni. Orodha hiyo ni ya kweli, na huduma ya TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, imeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo ina upungufu mmoja: haitaji kile ambacho mkimbizi amekuja nacho. Makala haya yanakusudia kukitazama.

Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, iliwahifadhi Warundi waliokimbia umwagaji damu uliofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Ilifungwa mwezi Desemba 2012, na zaidi ya watu 30,000 wakarudishwa kwao. Watoto waliozaliwa humo walikua vijana kabla ya kuiona nchi ya wazazi wao. Je, waliijuaje kuwa ni yao?

Katika kambi za Kigoma jibu mojawapo lilikuwa ngoma. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma na ufalme. Ngoma kubwa zilikuwa za mfalme, na zilitangaza msimu wa kupanda mtama. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini ngoma hazikunyamaza. Zingali zikipangwa nusu duara, moja ikiwa katikati ili kuziongoza nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika urithi wa wanadamu wote. Huchongwa katika gogo la mringaringa, mti unaoota pia katika nyanda zetu za juu. Waisraeli wa Zaburi 137 walitundika vinubi vyao mitini ugenini. Mrundi aweza kuukata mti wa ugenini na kuufanya useme lugha ya kwao.

Linganisheni na watu wenye asili ya Mexico huko San Diego, Marekani. Mwaka 1970 walikalia uwanja ulio chini ya daraja la barabara, na tangu 1973 wakazichora nguzo zake picha za historia yao. Wao walichora juu ya zege kwa sababu walikusudia kubaki. Mkimbizi wa kambini hana ukuta wa kudumu. Sanaa yake hukaa mkononi na mwilini: katika mapigo ya ngoma, na katika agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho mama humfundisha binti yake kukisuka.

Thamani ya ngoma hiyo haimo katika uzuri wake tu. Warundi waligawanywa na kuuawa kwa majina ya Uhutu na Ututsi, lakini ngoma ni moja kwa wote. Aliyefukuzwa na jirani yake anapopiga ngoma ambayo jirani huyo naye huiita yake, anakiri kwamba utengano haukuwa asili yao. Huo ni ushuhuda mzito kuliko hotuba nyingi za upatanisho.

Hata hivyo tusiitukuze sanaa kupita kiasi. Kinachowakusanya watu chaweza pia kuwafungia wengine nje. Mwezi Oktoba 2017 amri ya Rais wa Burundi iliwaachia wanaume peke yao upigaji wa ngoma hizo, na kuvitaka vikundi viombe kibali serikalini. Ngoma iliyotoka mikononi mwa mfalme ikarudi mikononi mwa dola.

Nasi watumishi wa Neno tumekosea kwa njia mbili. Wengine tumeikataa ngoma kuwa ni upagani. Wengine tumeiita mara moja kwa mwaka, tarehe 20 Juni, iwatumbuize wageni kwenye Siku ya Wakimbizi, kisha tukairudisha ghalani. Makosa haya mawili yana shina moja: hatukumwuliza mpigaji anasema nini.

Kambi ya Mtabila haipo tena, lakini wakimbizi hawajaisha mipakani mwetu. Mchungaji atakayetumwa kwao hana budi kubeba unga na dawa. Lakini kabla ya kuhubiri, na aketi kwanza asikilize. Kwa maana anayepokea chakula mkononi mwetu analo naye la kutupa.