Kahuzi-Biega: tunatembelea urithi wa nani?

Bandugu, sisi benye tulisoma hapa Nguba, ukituuliza Kahuzi-Biega ni nini, jibu ni moja tu: gorila. Tunapanda gari mpaka Tshivanga, tunapiga mafoto, jioni tuko nyumbani.

Ile matembezi inaacha nusu ya historia. Tarehe tunazijua: park ilianzishwa 1970, ikapanuliwa 1975, UNESCO ikaiandika urithi wa dunia 1980. Lakini Batwa, wenye pori ile ilikuwa nyumba yao, walifukuzwa miaka ya 1970 bila kulipwa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba Kongo ilivunja haki zao.

Sisemi tuache kwenda. Pori lazima lilindwe. Tangu 1997 liko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini Batwa wengi bako palepale karibu, inje ya mupaka, bila shamba. Mbele ya kuuliza gorila iko wapi, tuulize kwanza: nani aliishi hapa, na leo anaishi namna gani?

Kati yetu, nani alishauliza?