Ukuta, Uzi na Jirani: Namna Kitale Inavyoikabili Baridi ya Julai

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini yake kwa karibu mita 500. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo anayetoka Bungoma na kushuka steji ya Kitale jioni ya Julai huikuta baridi imezidi kwa nyuzi tatu, na mvua juu yake.

Huo ndio msimu wetu wa baridi: Juni, Julai na Agosti. Theluji hatuna, ila tuna matope, ukungu wa asubuhi, nguo zisizokauka na mvua ya alasiri inayopiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Shambani palizi imekwisha, mbolea ya kukuzia imetiwa, na mahindi hayavunwi mpaka Oktoba. Mikono imepata nafasi, lakini mfuko ni mtupu kwa kuwa pesa zote ziliingia kwenye mbegu na mbolea. Kwa Wabukusu, mtoto anayezaliwa msimu wa mvua huitwa Wafula au Nafula. Akizaliwa ghala likiwa tupu, huitwa Wanjala au Nanjala.

Ni katika miezi hiyo ya uhaba ambapo nyumba nyingi za Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, na za Bungoma hupata sura mpya. Kuta husiribwa, vitambaa hufumwa, sweta za watoto hukamilika. Wengi huita kazi hii urembo, wakaishia hapo. Ukiichambua hatua kwa hatua utaona kwamba mambo matatu hufanyika kwa pamoja: nyumba inakarabatiwa, joto linahifadhiwa, na ujirani unatiwa nguvu. Ukiondoa moja, mawili yaliyobaki hulegea.

Ufundi wa kusiriba

Tuanze na ukuta wa udongo. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa ndani na nje, kisha udongo uliokanyagwa kwa miguu hukandikwa katikati mpaka pengo lijae. Ukuta huachwa ukauke kwa majuma kadhaa. Udongo wenye mfinyanzi unapokauka hupungua, na kupungua huko ndiko kunakozaa nyufa. Kazi yote inayofuata inalenga kuuziba ufa uliopo na kuuzuia unaokuja. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wanaijua nyumba ya udongo.

Tabaka la pili hutaka udongo laini. Wajuzi hupenda wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchambua na hauna kokoto. Huo hunata sana, kwa hiyo huchanganywa na mchanga kidogo ili usipungue kupita kiasi. Tabaka la mwisho ni la samadi mbichi ya ng'ombe, udongo uliochekechwa na jivu. Samadi ina nyuzinyuzi za majani ambazo tumbo la ng'ombe halikuzimaliza. Nyuzinyuzi hizo hulala kila upande ndani ya udongo na kuushikilia, hivyo unapokauka haupati pa kupasukia. Ute wa samadi nao huunganisha chembe za udongo, na ukuta haumomonyoki upesi maji yakiugusa. Harufu huisha tabaka linapokauka.

Utazame mkono wa anayesiriba. Hachoti udongo mwingi. Huchukua donge la kujaa kiganja, akalibandika, kisha akalivuta kwa kiganja kilichokunjuliwa, mkono mzima ukizunguka kutoka begani na kuacha nusu duara. Nusu duara ya pili hupanda kidogo juu ya ukingo wa ile ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, mpaka mwisho wa ukuta. Mawimbi yale tunayoyasifu tukiingia sebuleni yametokana na mkono unaobana tabaka jembamba liwe na unene mmoja. Mawimbi yakikatika, ujue hapo tabaka ni dhaifu. Ndiyo maana mama anayemfundisha bintiye humwonyesha kwa kidole na kusema, "Funga hapo, mama, usiniachie nafasi."

Rangi nazo zina sababu zake. Wekundu hutoka kwenye udongo wenye chuma, weupe hutoka kwenye udongo mweupe unaochimbwa, weusi hutoka kwenye masizi au mkaa uliosagwa, na kijivu hutoka kwenye jivu. Nyumba nyingi huwa na mkanda wa rangi iliyokoza chini ya ukuta, kimo cha goti. Hapo ndipo matone ya paa hurushia matope, kuku hujisugua na watoto hushika. Rangi iliyokoza huficha uchafu, na mkanda huo unaweza kupakwa tena peke yake bila kuugusa ukuta wote. Pambo hili ni kinga.

Kwa nini wakati wa baridi

Mgeni angedhani Julai ni mwezi mbaya wa kazi hii. Kwa kweli jua kali la Januari hulikausha tabaka la nje kabla ya la ndani, na matokeo yake ni nyufa. Baridi hukausha polepole, na tabaka hutulia. Adui ni mvua, na mvua ya huku ina tabia ya kuja alasiri. Kwa hiyo kazi ya nje huanza asubuhi mapema na kusimama kabla ya mawingu kukusanyika. Kazi ya ndani hufanywa chumba kimoja kimoja, milango ikiwa wazi na moto wa kuni ukiwaka jikoni. Paa nalo lazima litokeze vya kutosha, maana hakuna samadi itakayouokoa ukuta unaomwagiwa maji kila siku.

Faida ya joto huonekana usiku. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto la mchana na la mekoni, kisha hulitoa taratibu giza likiingia. Bati tupu halina uwezo huo. Jua likizama nalo hupoa. Wanaoishi katika nyumba za mabati wamebuni dawa yao: hubandika karatasi za maboksi na magazeti kwa uji wa unga, kisha hutundika kitambaa chepesi cha pazia juu yake, kuzunguka chumba kizima. Hewa iliyonaswa kati ya bati na kitambaa huzuia joto lisitoroke. Anayepita husifu pazia. Aliyelala ndani anajua lina kazi gani.

Kuna pia sababu ya kalenda. Wabukusu hufanya tohara Agosti ya miaka shufwa, na ukoo wote hukusanyika. Katika mwaka wa aina hiyo, Julai huwa na tarehe ya mwisho isiyosogezwa, na nyumba yenye ufa haipokei wageni. Familia moja haiwezi kumaliza kazi hiyo peke yake, hivyo majirani huja kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Mwenye nyumba hupika, wenzake husiriba. Hakuna anayeandika hesabu, na hakuna anayeisahau.

Kutoka ukutani hadi kwenye uzi

Trans Nzoia ilikuwa eneo la mashamba ya walowezi, na reli ilifika Kitale mwaka 1926. Wakati wa uhuru, mpango wa makazi wa ekari milioni moja na ununuzi wa mashamba uliwaleta Waafrika kwenye ardhi hiyo, wakiwemo Wabukusu wengi waliotoka Bungoma. Walikuja na mkono wa kusiriba. Mkono wa kufuma ulikuwa umepitia njia nyingine. Wamisionari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na katika shule za misheni wasichana walifundishwa kazi za nyumbani, ushonaji ukiwemo. Mwaka 1952 Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa, na vilabu vyake vikaeneza ushonaji, ufumaji na usafi wa nyumba vijijini. Baada ya uhuru, katika mkoa wa Kati, vikundi vya kina mama vilijulikana kama vikundi vya mabati, kwa sababu walichanga kwa zamu ili kila mwanachama aezeke nyumba yake.

Nikiyaunganisha hayo naona mabadiliko makubwa ya kiufundi. Nyumba ya matofali na saruji haihitaji kusiribwa kila mwaka, kwa hiyo zamu ya kusiriba ilipoteza kazi. Zamu yenyewe haikufa. Ilihamia kwenye chama cha akina mama, na pambo likahama kutoka ukutani hadi kwenye kitambaa cha kochi.

Kitambaa hicho kina hesabu yake. Hufumwa kwa sindano ya ndoano kuanzia katikati, duara juu ya duara. Kila duara lazima liongezewe vifundo kwa kipimo kile kile. Ukiongeza vichache, kingo huinuka. Ukizidisha, kitambaa hujaa mikunjo na hakilali. Anayeanza hukosea hapa, na dawa ni kukilaza mezani kila baada ya mizunguko miwili mitatu na kukitazama kabla ya kuendelea. Kikikamilika hufuliwa, hutiwa wanga, hunyooshwa na kukaushwa. Kochini hukaa pale kichwa na mikono inapogusa, kikachukua mafuta na vumbi badala ya kochi lenyewe. Ni kazi ile ile ya mkanda wa rangi iliyokoza chini ya ukuta.

Sweta nayo inaonyesha jinsi ufundi unavyozaa kitu pale pesa inapokosekana. Uzi mpya ni ghali, lakini sweta kubwa ya mitumba yenye uzi mzuri hupatikana kwa bei ndogo. Geuza sweta ndani nje na uchunguze mishono ya ubavuni. Ikiwa vipande vimefumwa kwa umbo na kushonwa pamoja, uzi utatoka mzima. Ikiwa vimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono wa mashine, kila mstari utakatika mwishoni, basi iache. Fumua kuanzia juu, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuoshe kwa maji ya moto na kuutundika ukiwa na uzito kidogo chini. Mikunjo itanyooka. Sweta moja ya mtu mzima inaweza kutoa sweta ya mtoto mchanga, kofia na soksi.

Wema na kanuni zake

Vitu hivi vinapokamilika huanza kutembea. Sweta ndogo huenda kwa mzazi aliyejifungua wiki hii, pamoja na uji wa wimbi. Kuni kavu, ambazo Julai ni mali, hupelekwa kwa ajuza asiyeweza kufika msituni. Mvua ikiwa imeotesha saga, mrenda na kunde kwa wingi, fungu la mboga huvuka ua. Kutoa ni moyo, wala si utajiri, lakini kutoa nako kuna ufundi wake.

Kanuni ya kwanza: anayehitaji asiaibishwe. Unga hupelekwa na mtoto jioni, na maneno ni machache: "Mama amesema umwonjee." Ya pili: chombo hakirudi kitupu. Sahani iliyokuja na mahindi hurudi na ndizi mbili, hata kama ndizi hizo si malipo yanayolingana. Deni likilipwa sawasawa, watu wanaweza kuachana. Likibaki pungufu au likazidi kidogo, kuna sababu ya kuonana tena. Ya tatu: mzee husaidiwa kwa namna inayompa nafasi ya kutoa. Vijana wanaomsiribia bibi nyumba humwachia kazi ya kupima mchanganyiko na kukosoa mkono. Wao wanatoa nguvu, yeye anatoa elimu, na hakuna aliyeombaomba.

Kuna wema mmoja ambao sharti usemwe wazi kila msimu wa baridi: mwonye jirani yako asilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu, na inaua familia nzima usingizini. Blanketi la ziada ni bora kuliko jiko hilo.

Kinachotakiwa sasa

Ufundi huu unapotea mahali pamoja mahususi: kati ya bibi na mjukuu. Bibi anajua kiasi cha mchanga kwa kugusa tu. Mjukuu anaona haya kushika samadi, kwa kuwa amefundishwa kwamba ukuta wa udongo ni alama ya umaskini. Huo ni uongo, na unatugharimu. Ukuta uliosiribwa vizuri una elimu ya udongo, ya joto na ya rangi ndani yake, na malighafi zake nyingi hazinunuliwi.

Nafasi ya kurekebisha ipo. Jumba la Makumbusho la Kitale, lililotokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham aliyeuanzishia makumbusho mwaka 1926, lilifunguliwa katika jengo lake la sasa mwaka 1974, na uwanjani pake pana nyumba za kiasili za jamii za magharibi. Mpeleke mtoto akazione likizo ya Agosti, umwonyeshe fito, tabaka na mkanda wa chini. Mtaala wa umilisi unawataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao. Walimu wa Kitale na Bungoma wamwalike bibi mmoja shuleni na ndoo yake ya udongo, na mwingine na sindano yake, wawalipe posho kama wanavyomlipa mtaalamu yeyote.

Nawe msomaji, kabla Julai haijaisha, mtafute anayejua kusiriba au kufuma katika kijiji au mtaa wako. Usimwombe akuuzie. Mwombe akufundishe, ukae naye mpaka mkono wako uweze, kisha kitu cha kwanza utakachokimaliza mpelekee jirani.