Uhakiki wa kikaratasi kilichomo kwenye boksi la printa

Tumezoea kuhakiki vitabu. Leo nahakiki karatasi moja tu: ile inayokuja kwenye boksi la printa ya Wi-Fi, imekunjwa mara kadhaa na imejaa michoro. Kwa familia nyingi huenda ndiyo maandishi pekee kuhusu mitandao watakayowahi kuyafungua, kwa hiyo inachofundisha kina uzito.

Nianze na sifa zake. Michoro iko wazi. Hata asiyejua Kiingereza atabandua tepu, ataweka wino na atapanga karatasi bila kumwita fundi. Tatizo linaanza baada ya hapo. Kikaratasi kinakwambia: pakua programu, fungua akaunti, ndipo uendelee. Msomaji anaondoka na somo moja, kwamba bila intaneti hakuna kuprinti. Na hilo si kweli.

Gharama ya somo hilo nimeiona hapa Isevya, Tabora. Kwenye nyumba yetu ya wapangaji yupo mwalimu wa shule ya msingi aliyenunua printa ili aachane na kupeleka mitihani steshenari. Alikuwa anatuma faili kwa WhatsApp, linafunguliwa kwenye kompyuta ya dukani, linaprintiwa, na nakala inabaki humo humo. Wewe uliyepita shule unajua mtihani wa namna hiyo unaweza kuishia wapi. Jioni aliyofungua boksi, bando lilikuwa limeisha. Akasoma kikaratasi, akakikunja. "Mdogo wangu, kumbe na mashine nayo inataka bando," akaniambia. Kesho yake mtihani ukaenda dukani kama kawaida.

Sasa tuweke mambo sawa. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayounganisha vifaa vilivyo karibu, mara nyingi kwenye masafa ya gigahezi 2.4 au 5. Intaneti ni njia ya kutokea nje. Ruta inashughulikia yote mawili, lakini la kwanza halilitegemei la pili. Bando likiisha, ruta bado inagawa anwani kwa simu, laptopu na printa. Mara nyingi ni zile zinazoanza na 192.168, ambazo tangu mwaka 1996 zimetengwa rasmi kwa mitandao ya ndani. Data inayotumwa kwenye anwani hiyo haitoki nyumbani.

Linganisha na WhatsApp. Ukimtumia mtu wa chumba cha pili faili la megabaiti 5, wewe unatumia bando la 5 kulipandisha, naye 5 kulishusha. Ni kama mzigo wa kutoka Isevya kwenda Kwihara upelekwe kwanza Bagamoyo na msafara, halafu urudishwe njia ile ile. Kwenye mtandao wa ndani, hata kwa kasi ndogo ya megabiti 20 kwa sekunde, faili hilo linafika kwa sekunde 2, na bando halikuguswa.

Je, programu ile ni ya lazima? Kwa printa nyingi, hapana. Kama ina kioo, unachagua mtandao kwenye menyu yake na kuandika nywila. Kama haina, mara nyingi kuna kitufe cha Wi-Fi unachokibonyeza pamoja na kitufe cha WPS cha kwenye ruta. Na simu? Android 8 ya mwaka 2017 ilikuja na huduma ya kuprinti ndani yake, na iPhone zilipata AirPrint tangu 2010. Kikaratasi kinayajua haya yote, ila kimeyaficha nyuma ya akaunti.

Kosa la pili: kimeandikwa kwa nyumba ambayo umeme haukatiki. Umeme ukirudi, ruta inaweza kuipa printa anwani mpya, wakati laptopu bado inaitafuta kwenye ile ya zamani. Ndiyo maana unaambiwa printa haipo hewani na huku unaiona inawaka taa. Watu wengi hapo husema imekufa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuitengea printa anwani moja ya kudumu.

Kosa la tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Kikaratasi kinadhani mtandao una mwenye nyumba mmoja. Sisi wapangaji tunachangia ruta, na nywila inajulikana uwanja mzima. Mwalimu akishirikisha folda ya mitihani bila ulinzi, atakuwa ameihamisha kutoka kompyuta ya duka kwenda kwenye simu za watoto wa jirani. Kuhusu hilo, hata mchoro mmoja hakuna.

Jumamosi tuliiunga ile printa kupitia kioo chake, bando likiwa bado sifuri. Mwalimu akaprinti mtihani wa katikati ya muhula akiwa amekaa kitandani. Kisha tukageuza kikaratasi, tukaandika mgongoni kwa kalamu:

1. Wi-Fi si bando. Ruta ikiwaka, jaribu kwanza.
2. Printa isipouona mtandao, tumia ule wa 2.4, printa nyingi za bei nafuu hazishiki 5, na 5 hupenya ukuta kwa shida.
3. Itengee printa anwani ya kudumu.
4. Shirikisha folda moja tu, yenye nywila yake. Mitihani isikae humo.

Mistari minne, na nafasi imebaki. Waliokitengeneza hawawezi kusema karatasi haikutosha.