Bwana Arusi Asiyegeuka Nyuma: Kuisoma Rosa Mistika kwa Macho ya Injili

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni, kisha ikarudi na kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana katika fasihi ya Kiswahili. Wahakiki wameijadili kama riwaya ya malezi, ya ndoa, na ya mgongano wa desturi na maisha mapya. Hayo yote yamo. Lakini mwandishi wake, mzaliwa wa Ukerewe (1944–2020), alipitia seminari ya Nyegezi kabla ya kufika Chuo Kikuu, na kitabu chake kina swali ambalo ni letu sisi watumishi wa Neno kabla ya kuwa la mtu mwingine: aliyeaibika ataelekea wapi? Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba riwaya hii yaijua aibu kuliko mahubiri yetu mengi yanavyoijua, na kwamba jibu linalokosekana ndani yake ndilo ambalo Kanisa limekabidhiwa.

Aibu katika riwaya

Msuko wajulikana. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali, ambaye ampiga vibaya kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Kipigo hicho chamfundisha binti kuwaogopa wanaume, wala hakimfundishi kuwajua. Anapokwenda shuleni, mbali na jicho la baba, ulinzi uliotegemea fimbo waanguka. Rosa aingia katika mahusiano na wanaume waliomzidi umri na cheo, na mimba zatolewa kwa siri. Baadaye ajirekebisha. Charles arudi kumposa, lakini atambuapo kwamba mchumba wake si bikira, amwacha. Rosa ajiua.

Wako wasomaji wanaokichukua kitabu hiki kama onyo kwa wasichana: tazama mwisho wa binti mpotovu. Usomaji huo twaukataa, kwa kuwa mpangilio wa matukio wenyewe waupinga. Rosa hafi wakati wa upotovu wake. Afa baada ya kutubu, akiwa ameyaacha mambo yale na kutamani maisha mapya. Kama mwandishi angetaka tu kuonya juu ya dhambi, angemwua mapema zaidi. Kilichomwua ni kwamba toba yake haikupata wa kuipokea. Alikuwa ameiacha dhambi, lakini aibu haikumwacha yeye.

Hata jina lake ni sehemu ya hukumu hiyo. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Binti amebebeshwa tangu utotoni jina la usafi usio na doa, na watu wapimao kwa jina hilo hawana neno la kumwambia siku doa lionekanapo. Dini imo katika riwaya, tena kwa wingi, ila imo kama kipimo. Kama ondoleo la dhambi, haionekani kumfikia Rosa.

Hatia, aibu na haya

Hapa yafaa tutenganishe maneno ambayo mimbarini huchanganywa. Hatia yahusu tendo: nimetenda vibaya. Aibu yamhusu mtu mwenyewe: mimi ndiye mbaya, na wote wameona. Tena Kiswahili kina neno haya, ambalo ni staha ya mtu anayejiheshimu na kuwaheshimu wengine. Haya ni adabu njema, lakini aibu ni jeraha. Wazazi na wachungaji wengi hudhani kwamba kwa kuwatia vijana aibu wanawafundisha haya. Zakaria alidhani hivyo. Matunda ya fimbo yake yameandikwa kitabu kizima.

Kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya aibu ya Rosa si yake. Ni aibu ya baba aliyempiga, na ya watu wazima waliokitumia cheo chao kumpata. Wao waendelea na maisha yao, naye abeba mzigo wote. Twaukumbuka mlango wa 8 wa Injili ya Yohana, ambapo mwanamke aliyefumaniwa aletwa mbele ya Yesu, na yule mwanamume haonekani popote. Mtu aliyetendewa uovu asiambiwe upesi kwamba amesamehewa, kana kwamba kosa ni lake. Aambiwe kwanza kwamba alidhulumiwa, na mdhalimu wake aitwe kwa jina. Katika Mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518, Martin Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita kila jambo kama lilivyo. Kuita dhuluma dhuluma ni sehemu ya kumfungua mtu aibu.

Wachumba wawili

Miaka miwili baadaye, katika kitabu chake juu ya Uhuru wa Mkristo (1520), Luther alieleza imani kwa mfano wa ndoa. Kristo, bwana arusi tajiri na mtakatifu, amwoa mwanamke maskini aliyechafuka, ambaye jina lake mjini ni jina la kahaba. Kwa kuwa sasa ni mwili mmoja, mali yao ni ya pamoja: dhambi na fedheha ya bibi arusi zawa za mume, na haki na heshima ya mume zawa za mke.

Tuuweke mfano huu kando ya posa ya Charles. Wachumba wote wawili waujua ukweli wa mwanamke waliyemposa. Charles ageuka nyuma, kwa sababu heshima yake yategemea usafi anaoukuta. Kristo hageuki, kwa sababu usafi ndio anaouleta. Ndiyo maana ya tasnifu ya 28 ya Heidelberg: upendo wa Mungu haukuti kinachopendeza, bali hukiumba. Nao Waraka kwa Waebrania (12:2) wamwonyesha Yesu akiuvumilia msalaba bila kuijali fedheha yake. Alisulubiwa nje ya lango, uchi, mbele ya watazamaji. Aibu aijua kwa mwili wake.

Nguvu ya Mkristo yatoka hapo. Si ujasiri wa kujifanya hakuna lililotokea, wala si ugumu wa moyo. Ni uwezo wa kusema ukweli wa maisha yako bila kufa kwa ajili yake, kwa kuwa neno la mwisho juu yako limekwisha kusemwa na mwingine. Adamu na Hawa walijishonea majani ya mtini. Mungu ndiye aliyewavika mavazi ya ngozi (Mwanzo 3). Majani yale yaficha tu, bali vazi la Mungu lamwezesha mtu kutoka nje na kuendelea kuishi.

Meza yetu

Uhakiki huu ungekuwa rahisi kama ungeishia kwa Zakaria na Charles. Lakini katika sharika zetu nyingi, binti aliyepata mimba nje ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, kisha husimamishwa mbele ya usharika ili arudishwe kundini. Mimba haifichiki, hivyo yeye ndiye asimamaye. Mwanamume, ambaye mwili wake haumshitaki, mara nyingi hukaa bencini na kuimba pamoja na wengine. Hatusemi nidhamu ya Kanisa ifutwe; Mathayo 18 yaidai. Lakini nidhamu ya sura hiyo hiyo yaanza na mazungumzo ya wawili, faraghani. Nidhamu inayowapata tu wale ambao miili yao yawasaliti si nidhamu ya Injili. Nayo yawafundisha wengine kutoa mimba kwa siri, kama Rosa.

Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 11, lataka ondoleo la faragha lidumishwe makanisani, bila kumlazimisha mtu kuorodhesha dhambi zote. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 yaonyesha jinsi ya kuungama na kusikia neno la msamaha. Hazina hiyo twaikariri kipaimara, kisha twaiacha kabatini. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Anayetaka kuponywa hana budi kufunua. Lakini walisema pia, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona yote, huosha, hufunika, na akitoka nje hasimulii. Mchungaji asiyeweza kunyamaza ameufunga mlango wa ungamo kwa mikono yake mwenyewe.

Twawashauri wanafunzi wa theolojia waisome Rosa Mistika kabla ya kupewa usharika, na waisome wakijiuliza swali moja: binti huyu angegonga mlango wangu jioni ile alipoachwa na Charles, ningemwambia nini? Asiye na jibu asikimbilie kuhubiri juu ya maadili ya vijana. Na aje kwanza yeye mwenyewe kwa Bwana arusi yule, akavikwe.