Trafiki, Mgeni na Swali la Mkulima

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu intaneti limezoeleka neno trafiki, kwa maana ya wingi wa watu wanaofika katika tovuti. Neno hili limetafsiriwa kwa pupa. Kwa Mtanzania, trafiki ni askari wa usalama barabarani. Na hata tukimsahau askari huyo, neno lenyewe huhesabu wapitao tu, wala halitwambii kama aliyepita alipata alichokifuata. Kiswahili kina neno mgeni. Mgeni hubisha hodi, hukaribishwa, na wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunapendekeza tuseme wageni wa tovuti. Sababu zake si za sarufi peke yake.

Tuchukue mfano wa Chiwata, wilayani Masasi, katika nchi ya mikorosho inayopakana na uwanda wa juu wa Makonde. Mkulima anayeona maua ya mikorosho yamefunikwa na unga mweupe hawezi kutazamiwa kuandika katika simu yake, “udhibiti wa ubwiriunga”. Atauliza kama anavyomwuliza bwana shamba: “Maua ya mikorosho yangu yana unga mweupe na yanakauka, nipulizie dawa gani?”

Zamani mitambo ya kutafutia ililinganisha zaidi neno na neno, na mwulizaji alilazimika kubahatisha neno la mwandishi. Mwaka 2013 Google ilifanya mabadiliko yaliyoitwa Hummingbird, ili mtambo wake uzingatie maana ya swali zima. Tangu hapo desturi ya kuuliza kwa mazungumzo imezidi kuenea, na kurasa zinazojibu swali kama lilivyoulizwa zimepata nafasi mpya ya kufikiwa na wageni.

Je, kurasa zetu za kitaalamu ziko tayari? Nyingi bado hufunguliwa kwa vichwa vya namna ya “Mikakati ya Udhibiti wa Visumbufu vya Zao”. Kichwa cha namna hii humfaa mkubwa wa ofisi anayepitia jalada; hakimfai mwenye shamba. Hili si jambo dogo. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwamo bei na kuhamishwa kwa watu kutoka mashambani mwao, lakini ubwiriunga nao ulikuwa miongoni mwake. Salfa haina budi kuwahi maua. Jibu lisiloonekana kwa wakati ni sawa na jibu lisilokuwapo.

Wako watakaosema: basi tuyaache maneno ya kitaalamu, tuandike kama watu wanavyosema. Shauri hilo hatulikubali. “Unga mweupe” ni dalili, si jina la ugonjwa; na dalili mbili zinaweza kufanana macho, zikatofautiana dawa. Istilahi ubwiriunga ndiyo inayomhakikishia mkulima, bwana shamba na mwenye duka la pembejeo kwamba wanazungumzia kitu kimoja. Kosa letu si kuisanifu, bali ni kuiweka mlangoni peke yake, kama bawabu asiyejua lugha ya wageni.

Tatizo jingine limezuka. Mwaka 2024 Google ilianza, kwanza Marekani, kuweka juu ya orodha ya kurasa muhtasari uliotungwa na akili mnemba. Mwulizaji huweza kuridhika papo hapo, asiingie katika ukurasa wowote. Mgeni amejibiwa barazani, na mwenyeji hakujua kwamba alikuja. Anayehesabu trafiki ataona hasara tu. Sisi twauliza zaidi: jibu lile limetoka wapi? Mtambo hujibu kwa kilichoandikwa. Ikiwa maelezo yetu ya Kiswahili hayasomeki, huweza kuokota ya nchi nyingine, yenye majira na dawa tofauti, na kuyavika Kiswahili cha kukopa.

Kwa hiyo twawashauri watafsiri na waandishi wa idara wafanye mambo matatu. Kwanza, kichwa kiwe swali la msomaji, na istilahi ifuate katika sentensi ya kwanza ya jibu. Pili, mahali na majira yatajwe waziwazi, hata katika muhtasari yasipotee. Tatu, orodha zetu za istilahi zionyeshe, kando ya neno sanifu, maneno ambayo watu huyatumia wanapouliza.

Njia hii si ngeni. Askofu Edward Steere, aliyewaongoza watu walioachiliwa utumwani hadi Masasi mwaka 1876, alikuwa kwanza amekaa Unguja akiandika hadithi za Kiswahili kutoka vinywani mwa wasimulizi. Alisikiliza kabla ya kuandika. Nasi tukiyasikiliza maswali ya Chiwata kabla ya kusanifu majibu yake, mgeni atakuja, na mwenyeji atapona.