Ngazi Isiyo na Kilele

Msomaji mpendwa, nakuomba utazame pamoja nami picha moja nyeusi na nyeupe. Mchoraji wake ni M. C. Escher, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1898 akafariki mwaka 1972. Aliichora juu ya jiwe mwaka 1960, ikachapwa karatasini, naye akaiita Kupanda na Kushuka.

Tuanze na yaliyomo, kwani mtu asemaye maana ya picha kabla ya kuitazama hufasiri mawazo yake mwenyewe. Twaona jengo kubwa lenye ua katikati. Juu yake ngazi imezunguka pande zote nne, na watu waliovaa kama watawa wanaikanyaga kwa safu mbili: safu moja yapanda, nyingine yashuka. Weka kidole chako juu ya mmoja wa wapandao, umfuate. Kidato baada ya kidato anakwenda juu. Apita pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne; kumbe amerudi pale pale alipoanza, ingawa hakushuka hata mara moja!

Jambo hili ni muhali. Basi kosa liko wapi? Kagua kidato kimoja kimoja, hutaliona, maana kila kimoja kimechorwa sawasawa. Karatasi ina urefu na upana tu. Kimo huongezwa na akili zetu. Mchoraji ametupa dalili za kimo zilizo sahihi kila mahali peke yake, nasi tumeziunga bila kuuliza kama zaungana. Ngazi ya namna hii ilielezwa mwaka 1958 na wanachuoni wawili wa Uingereza, Lionel Penrose na mwanawe Roger, na kwao ndiko Escher alikopata wazo. Fundi aweza kuiunda kwa mbao ikaonekana kamili kwa mtu aliyesimama mahali pamoja. Mtu huyo akisogea kidogo, pengo lafichuka.

Wako wasemao kuwa picha hii ni kiinimacho tu, haistahili kuitwa sanaa. Sikubaliani nao. Mfanya kiinimacho hutaka usimkamate; Escher amekuachia njia ya kumkamata, nayo ni kidole chako. Wengine huiita picha ya ndoto. Lakini ndoto huvuruga vitu, na hapa kila mstari umepimwa. Ajabu yake haikutoka katika fujo, imetoka katika utaratibu.

Maana yake kwangu ni hii: kila sehemu ya jambo yaweza kuwa kweli, na jambo zima likawa uongo. Hoja nyingi hujengwa hivyo. Msemaji hukutoa neno hadi neno, nawe wakubali kila moja, mwisho ukajikuta ulipoanza ukidhani umefika mbali. Macho hayana pazia, lakini yana haraka.

Tazama tena. Watu wawili hawamo katika msafara. Mmoja amesimama barazani akiwaangalia wenziwe. Mwingine amekaa peke yake chini, katika ngazi ya kawaida. Je, hao ni wavivu au ni wenye busara? Picha haisemi, na mhakiki mwaminifu hailazimishi kusema. Mimi nampenda yule aangaliaye, kwa kuwa yu mahali pa kuuliza swali ambalo walio katika msafara hawana nafasi ya kuliuliza. Hata hivyo, sisahau kwamba naye hajapanda popote.

Wewe nawe, msomaji, u katika kidato, na mbele yako viko vidato vingine. Sikuambii ukae chini. Panda kwa bidii. Lakini mara kwa mara simama kidogo, uangalie ngazi nzima, ujiulize kama leo u juu kuliko ulivyokuwa jana.